Yule Nyani wa Mwaka Jana Yuko Wapi?

Asubuhi moja nilisindikiza watoto wa shule kutoka Konza kwenda Nairobi kutazama wanyama. Hatujafika hata Lukenya, basi zima likabanana madirishani. Kundi la nyani lilikuwa limeketi kando ya barabara ya Mombasa, madume, majike na vichanga, likingoja chochote kidondoke kutoka kwenye malori. Saa chache baadaye watoto walewale walisimama mbele ya waya katika Kituo cha Wanyama Yatima cha Nairobi, wakimtazama tumbili. Msichana mmoja aliyekuwa amewahi kufika pale na wazazi wake akanivuta mkono.

"Mwalimu, huyu siye. Yule wa mkia mfupi yuko wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilimwambia labda amelala ndani, nikaona machoni pake kwamba hakuniamini.

Tangu siku hiyo nimelisikia swali lake kutoka kwa watu wengi. Baba aliyewapeleka wanawe wakamwone mnyama aliyemwona yeye akiwa na miaka minane, akamkosa. Bibi aliyekumbuka kizimba chenye kima watano, akakikuta na mmoja. Kijana aliyetaka kujua kwa nini kule Ol Pejeta kuna sokwe, ilhali shuleni alifundishwa kwamba Kenya haina sokwe wa porini. Wote wanauliza jambo moja: nani huamua ni nyani gani awekwe, na mbona hawabaki walewale?

Jibu la haraka ni kwamba wanyama huzaliwa, huzeeka, hufa na huhamishwa. Ni kweli, lakini halimtoshi mtoto, na halipaswi kututosha sisi. Nyuma ya karibu kila mabadiliko kizimbani kuna jambo lililotokea mbali na kizimba: sheria iliyopitishwa, vita vilivyozuka, ranchi iliyokatwa viploti, mtu aliyenunua kitoto cha tumbili kando ya njia. Ninaanzia Konza kwa sababu ukisimama kwenye kituo chetu cha reli unaziona pande zote mbili za habari hii. Kusini ndiko nyani wengi walikokamatwa. Kaskazini, mwendo wa kilomita 60 hivi, ndiko baadhi yao wanakotunzwa leo.

Kwanza tuelewane majina

Mkazi wa mjini akiona mnyama yeyote mwenye mikono na mkia husema "nyani" na yakaishia hapo. Kiswahili kina hazina kubwa kuliko hiyo. Nyani ni yule mkubwa mwenye uso mrefu kama wa mbwa, anayetembea chini kwa makundi. Tumbili ni mdogo zaidi, kijivu, uso mweusi. Kima ni wa msituni. Mbega ni mweusi na mweupe, mla majani, asiyependa kushuka mtini. Karasinga ana ndevu nyeupe na utepe wa rangi ya chungwa kwenye paji la uso. Huku Kenya yuko sehemu chache tu, kama Saiwa karibu na Kitale. Komba ni yule wa usiku mwenye macho makubwa. Hata migunga ya Konza inao. Sokwe hana mkia kabisa, na kwa damu yuko karibu zaidi na binadamu kuliko alivyo karibu na tumbili. Wote pamoja nitawaita jamii ya nyani.

Nitatumia pia neno mkusanyiko: wanyama wote wa jamii hiyo walioko mahali pamoja kwa wakati mmoja. Na tutenganishe mahali penyewe. Bustani ya wanyama huwaweka ili watu wawaone na mara nyingi ili wazaane. Kituo cha yatima huwapokea waliopotelewa na mama au walioumia, kwa nia ya kuwarudisha porini ikiwezekana. Makimbilio ni mahali pa kudumu pa wasioweza kurudi tena. Kila mojawapo hubadilika kwa sababu zake, na mgeni asiyejua amesimama katika ipi hawezi kuelewa anachokiona.

Reli ya Konza na nyani waliovuka bahari

Reli ya Uganda ilifika Nairobi mwaka 1899, na Konza ikawa mojawapo ya vituo vyake. Baadaye ikawa pia njia panda ya tawi la kwenda Magadi. Mtu akishuka kusini kutoka hapa hupita Ulu, Kima, Sultan Hamud, Emali, Makindu na Kibwezi. Mbele kidogo, kabla ya Mtito Andei, kuna kituo kidogo kinachoitwa Darajani.

Wachache wa rika la wanafunzi wangu wanajua kwamba katika miaka ya 1960 Darajani palikuwa na kambi ya kukamata na kuchunguza nyani. Ilikuwa ya taasisi ya utafiti wa tiba ya San Antonio, Texas, nchini Marekani. Wanasayansi wake walitaka kujua kwa nini mishipa ya damu ya binadamu huziba kwa mafuta, ugonjwa unaoua kwa kusimamisha moyo. Nyani hupata ugonjwa unaofanana na huo. Basi nyani wa Ukambani wakakamatwa, wakapimwa, wakasafirishwa ng'ambo. Huko walizaana hadi kundi lao likapita 1,000. Mpaka leo wapo nyani wa San Antonio ambao mababu zao walilala kwenye miti ya kando ya reli hii.

Wachunguzi wa kambi ile walikutana na jambo lililowapa kazi. Upande wa Nairobi nyani ni wa rangi ya zeituni, wazito, wenye manyoya mengi mabegani. Upande wa Tsavo ni wa manjano, wembamba, miguu mirefu. Katikati, kati ya nyanda za Athi na Tsavo, aina hizo mbili hukutana na kuzaana, ukapata wengine ambao huwezi kuwaweka upande wowote. Maana yake ni kwamba kibao cha kizimba kilichoandikwa "nyani, Kenya" hakikuwa kinasema mengi. Bustani nyingi za wakati ule ziliwachanganya bila kujua, na watoto wao wakawa mchanganyiko juu ya mchanganyiko.

Si wote walioondoka. Mwaka 1960 mwanasayansi Louis Leakey, yuleyule aliyemtuma Jane Goodall kuchunguza sokwe wa Gombe, Tanzania, mwaka huohuo, alianzisha kituo cha kuchunguza jamii ya nyani huko Tigoni, Limuru. Kilikua kikawa taasisi ya taifa ya utafiti wa nyani, ambayo leo iko katika msitu wa Oloolua, Karen. Ila kwa miaka mingi ilikuwa kawaida isiyoulizwa: mnyama wa Afrika alikamatwa huku, akaonekana au akachunguzwa kule.

Zama za mmoja wa kila aina

Ili kuelewa kwa nini walihitajika wengi hivyo, inabidi tutazame bustani za zamani za Ulaya. Bustani ya London ilifunguliwa mwaka 1828, na kwa zaidi ya miaka 100 bustani kama hiyo ilijisifia idadi ya aina ilizonazo. Tumbili mmoja, mbega mmoja, kima mmoja, kila mmoja katika chumba chake chenye vyuma, kama mtu anayekusanya stempu. Akifa mmoja, aliagizwa mwingine. Hakuna aliyeona haja ya kumlea mnyama aishi miaka mingi maadamu porini kulikuwa na wengine wa kukamata.

Mbega walikufa haraka sana. Tumbo la mbega lina vyumba, mfano wa tumbo la ng'ombe, na ndani yake mna vijidudu vinavyomsaidia kusaga majani. Mlishe mkate na ndizi, tumbo litachacha na kuvimba. Watunzaji walichukua muda mrefu kujifunza kwamba mbega anahitaji majani, kila siku, kwa wingi. Leo mbega weusi na weupe wamejaa katika bustani za dunia, nao huzaa. Nalitaja hili ili msomaji aone kwamba mkusanyiko unaweza kubadilika kwa sababu tu mtu fulani amejua hatimaye mnyama anakula nini.

Kisa kinachonisikitisha zaidi ni cha kilima cha nyani cha London. Mwaka 1925 bustani ile ilijenga kilima cha mawe na saruji, ikaweka juu yake nyani wapatao 100 wa Pembe ya Afrika, wale wa Ethiopia, Somalia na pwani za Bahari ya Shamu, ambao dume wao ana manyoya ya kijivu yanayomfunika mabega kama joho. Walikusudia madume matupu, kwa kuwa madume ndio wanaopendeza macho. Majike wachache wakaingia kwa makosa. Madume wakawagombania, na mapigano yakaua. Mwaka 1927 wakubwa wa bustani wakaongeza majike 30, wakidhani watatuliza hali, na wengi wa majike hao wakauawa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 zaidi ya nusu ya nyani wote waliowahi kuwekwa pale walikuwa wamekufa.

Mwanasayansi Solly Zuckerman aliwachunguza, akaandika kitabu juu yao mwaka 1932. Kwa miaka mingi wasomaji wakaamini kwamba maisha ya nyani ni damu na ubabe. Ilibidi ifike miaka ya 1960, mtafiti Hans Kummer alipowafuata nyani haohao katika miamba ya Ethiopia, ndipo ilipofahamika kwamba porini kila dume hukaa na majike wake wachache na madume wengine huheshimu mipaka hiyo. London walikuwa wamewatupa pamoja wageni 100 wasiojuana, uwiano wa dume na jike ukiwa umepinduliwa. Chukua wanaume 90 kutoka vijiji 90, wafungie ndani ya ua mmoja pamoja na wanawake kumi, halafu useme umegundua tabia ya binadamu.

*Kwa ufupi:* mkusanyiko wa zamani ulibadilika kwa kifo na kuagiza. Mnyama alikuwa bidhaa, na pori lilikuwa ghala.

Ghala lilipofungwa

Mwaka 1973 mataifa yaliafikiana mkataba wa kudhibiti biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea iliyo hatarini, unaojulikana kwa jina la CITES. Ulianza kutumika mwaka 1975. Kenya yenyewe ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Kuagiza nyani kama mtu anavyoagiza magunia ya kahawa kukawa kugumu, na kwa sokwe na gorila biashara ya porini ikafungwa kabisa, angalau kwenye karatasi.

Bustani zikalazimika kuzalisha. Ilishaonekana kwamba inawezekana: tarehe 22 Desemba 1956, huko Columbus, Ohio, alizaliwa Colo, gorila wa kwanza kuzaliwa mikononi mwa binadamu. Aliishi miaka 60, akafa Januari 2017. Fikiria mambo yaliyopita mbele ya macho ya mnyama huyo mmoja. Alizaliwa wakati wazazi wake walikuwa wamenyakuliwa msituni, akafa wakati karibu gorila wote wa bustani za Marekani ni wazaliwa wa bustani.

Kuzalisha kuna sharti lake. Ukambani, kabla posa haijapokelewa, wazee huuliza mbai, yaani ukoo. Wa ukoo mmoja hawaoani. Bustani nazo zina wazee wao: kwa kila aina ya mnyama kuna daftari la ukoo, ambamo mtu mmoja ameandika kila mnyama aliyezaliwa, mama yake, baba yake na alikohamia. Mipango ya pamoja ya namna hii ilianza Marekani mwaka 1981 na Ulaya mwaka 1985. Mwenye daftari ndiye anayeshauri kwamba dume huyu aende mji ule, jike yule asizae mwaka huu. Basi ukikuta dume uliyemzoea hayupo, huenda amekwenda kuoa.

Kwa nyani wa huku Kenya jambo hili si la ajabu hata kidogo. Porini binti hubaki katika kundi alimozaliwa na kurithi cheo cha mamake. Kitoto cha jike mkubwa humpokonya chakula jike mzima wa cheo cha chini, na hakuna anayethubutu kunyanyua mkono. Kijana wa kiume akikomaa huondoka, akatafute kundi la wageni. Bustani inayohamisha madume na kuwaacha majike wakae na mama zao inafuata mila ya nyani hao wenyewe. Inayowatenganisha mama na mabinti kwa ajili ya nafasi inavunja nguzo ya nyumba.

Lakini kuzalisha kukifanikiwa mno, nyumba hujaa. Tarehe 29 Julai 2025 bustani ya Nürnberg, Ujerumani, iliwaua nyani 12 wa aina ya Guinea. Boma lao, lililofunguliwa mwaka 2009, lilijengewa wanyama 25, wakawa zaidi ya 40. Wakuu wa bustani walisema walijaribu dawa za kuzuia mimba na kutafuta bustani nyingine za kuwapokea, ikashindikana. Waandamanaji wakaingia ndani, mmoja wao akajigundisha mikono chini kwa gundi. Sehemu ya nyama ilipewa wanyama walao nyama.

Nimelifikiria sana tukio hili, na nasema wazi kwamba naliona ni baya. Sisemi hivyo kwa sababu mnyama hauawi; mimi ni mtoto wa wafugaji, najua kuchinja. Nasema hivyo kwa sababu walizalishwa kwa kukusudia, na aliyekusudia alikuwa na miaka mingi ya kuhesabu. Boma la ng'ombe likijaa, mfugaji hasubiri mpaka wapigane ndipo ashangae.

Nairobi: orodha inayoandikwa na ajali

Sasa turudi kwa msichana wangu. Kituo cha Wanyama Yatima cha Nairobi kilianzishwa mwaka 1964, kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Nairobi. Hakikujengwa ili kuwa na mmoja wa kila aina, wala hakiagizi nyani kutoka kwa daftari la ukoo la Ulaya. Hupokea anayeletwa. Kwa hiyo mkusanyiko wake ni orodha ya misiba, na hakuna ajuaye mwaka ujao utaleta nani.

Jamii ya nyani hufikishwa kwenye vituo vya namna hii kwa njia kama hizi:

- mama amegongwa na gari, kitoto kikakutwa kikiwa bado kimemng'ang'ania tumboni;
- mtu alinunua kitoto cha tumbili akakifuga nyumbani, kikakua, kikaanza kuuma;
- mnyama amenaswa na nyaya za umeme, au na mtego wa mkulima;
- mzigo wa magendo umekamatwa mpakani au uwanja wa ndege.

Njia ya pili ndiyo inayoniuma kuliko zote, maana inaepukika. Kitoto cha tumbili kinavutia. Kinashika kidole chako, kinalala shingoni, kinakutazama kama mtoto wa mtu. Ila kila kitoto kilichoko sokoni kina mama aliyeuawa au aliyepokonywa, kwa kuwa hakuna mama wa tumbili anayemwachia mtu mtoto wake kwa hiari. Na baada ya miaka mitatu au minne huyo mdogo anakomaa, anataka cheo, na katika nyumba yako anayeonekana wa kumshinda ni mtoto wako mdogo. Humuuma usoni. Siku hiyo ndipo tumbili hufungwa mnyororo, au huletwa kituoni.

Akifika kituoni tatizo halijaisha. Tumbili aliyelelewa na watu haogopi mbwa wala gari. Hajui mlio wa kumwonya kuhusu tai ni upi na wa chui ni upi, na tumbili wana milio tofauti kwa maadui tofauti. Ukimwachia tu porini, kundi la kwanza atakalokutana nalo litamfukuza au kumrarua. Tena huenda amebeba kifua kikuu alichoambukizwa na watu. Ndiyo maana huwekwa kando kwanza na kupimwa, halafu huunganishwa na tumbili wenzake mmoja baada ya mwingine mpaka wawe kundi. Kazi hiyo huchukua miezi, wakati mwingine miaka. Wengine hufuzu. Wengine hubaki nyuma ya waya mpaka mwisho wa maisha yao.

Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyama wa porini bila kibali, na adhabu yake si ndogo. Bado vitoto vinauzwa.

*Kwa ufupi:* katika kituo cha yatima, kizimba kilicho tupu huenda ndicho habari njema kuliko zote.

Sokwe katika nchi isiyo na sokwe

Yule kijana aliyeuliza kuhusu Ol Pejeta alikuwa sahihi. Hakuna sokwe wa porini Kenya. Hata hivyo katika hifadhi ya Ol Pejeta, Laikipia, wapo, na chanzo cha kuwapo kwao ni vita vya Burundi.

Bujumbura palikuwa na nyumba ya muda ya sokwe yatima, chini ya taasisi ya Jane Goodall. Mwaka 1993 Burundi ilipoingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, watunzaji waliona hawawezi tena kuwalinda. Ol Pejeta, Shirika la Wanyamapori la Kenya na taasisi hiyo wakakubaliana kufungua makimbilio ya Sweetwaters. Wa kwanza kufika walikuwa watatu. Mwaka 1995 wakaja kumi wengine, na baada ya hapo wakaendelea kuletwa kutoka nchi mbalimbali, kila mmoja na msiba wake.

Mmojawapo wa wakongwe anaitwa Poco. Miaka tisa ya mwanzo ya maisha yake aliwekwa Bujumbura katika kizimba chembamba kilichoning'inizwa kwenye gereji ili kuvuta wateja. Kilikuwa chembamba kiasi kwamba aliweza kusimama tu. Ndiyo maana, hata baada ya kupewa uwanja wenye miti na mto, Poco alizoea kutembea kwa miguu miwili kama mtu. Wageni hucheka wakimwona. Wakielezwa sababu, hunyamaza.

Mapema mwaka 2005 kreti moja ilikamatwa katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Ndani yake walikuwamo sokwe wachanga sita na kima wanne, waliopitishwa Misri, wakiwa na njaa na kiu. Sokwe mmoja alikufa. Watano wakaongezwa kwenye mkusanyiko wa Sweetwaters. Hivyo idadi ilipanda kwa watano, na aliyesoma taarifa ya mwaka angeweza kudhani ni maendeleo.

Sweetwaters huwapa majike dawa za kuzuia mimba. Wageni wengi hulikataa jambo hili wanapolisikia: mbona sokwe wako hatarini, nanyi mnawazuia kuzaa? Jibu ni kwamba kila nafasi inayochukuliwa na mtoto aliyezaliwa makimbilioni ni nafasi aliyonyimwa yatima ambaye bado yuko kwenye kreti mahali fulani. Nalikubali jibu hilo. Uganda nao walikabiliwa na wingi wa yatima, wakafungua kisiwa cha Ngamba katika Ziwa Viktoria mwaka 1998, ekari 100, kwa sokwe 19 waliotoka Entebbe na kisiwa cha Isinga. Leo wako kama 50. Hakuna anayesherehekea kuongezeka kwao.

Waliorudi

Je, mnyama wa bustani anaweza kuwa wa porini tena? Katika Ziwa Viktoria hilohilo, upande wa Tanzania, kiko kisiwa cha Rubondo. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya Frankfurt, aliwaachia huko sokwe 17 waliotoka katika bustani na sarakasi za Ulaya. Walikuwa wamekamatwa porini wakiwa wadogo, wakakaa vizimbani miaka kadhaa. Hawakufunzwa chochote kabla ya kuachiwa. Masanduku yalifunguliwa ufukweni, wakaingia msituni.

Baadhi walikuwa hatari, kwa kuwa hawakuwaogopa watu, na waliowashambulia watu walipigwa risasi. Lakini waliobaki walijifunza kula matunda ya msituni na kujenga viota vya kulalia mitini, wakazaa. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Wajukuu na vitukuu wa wale wa sarakasi leo wanawakimbia watu kama sokwe yeyote wa porini.

Leo hakuna ambaye angeruhusiwa kufanya alivyofanya Grzimek. Palikuwa na hatari ya magonjwa, palikuwa na hatari kwa wavuvi, na Rubondo haikuwa nchi ya sokwe kabla ya hapo. Ila mimi naikumbuka Rubondo kila mara mtu anaponiambia kwamba mnyama akishaingia kizimbani amekwisha.

Konza inapokatwa viploti

Januari 2013 Rais Mwai Kibaki alizindua ujenzi wa mji wa teknolojia wa Konza, kwenye ekari 5,000 zilizokuwa za ranchi ya Malili. Kabla na baada ya siku hiyo ranchi za jirani zimekuwa zikigawanywa. Palipokuwa pori la ng'ombe na swala sasa pana nguzo za mipaka, ua wa waya, na mahindi ya mtu ambaye ndiyo kwanza apate shamba lake. Nyani haelewi hati ya ardhi. Kwake mahindi ni chakula kilichoota mahali alipokula bibi yake.

Haya yalishatokea Gilgil. Katika ranchi ya Kekopey, mtafiti Shirley Strum alikuwa akifuata makundi ya nyani tangu mwaka 1972. Ranchi ikauzwa, ikagawiwa wakulima, na nyani wakageuka wezi. Mwaka 1984, baada ya kujaribu kila njia ya kuwapatanisha na wakulima, Strum alihamisha makundi matatu mazima hadi Laikipia. Makundi yalihamishwa na mama zao, mabinti, madume na vyeo vyao, ndiyo maana wageni hao walijifunza nchi ya ukame na kuishi. Kuhama huko kulihitaji fedha, madaktari wa mifugo, malori, na mwenye ardhi aliyekubali kuwapokea. Kila ekari inayokatwa inapunguza wa kukubali.

Makundi ya Konza hayajahamishwa. Baadhi yamejifunza kukaa kando ya barabara, kama lile tulilolipita asubuhi ile. Huko ndiko yatima wa mwaka ujao wanakotengenezwa, na ndiko sisi tunaoishi hapa tunaweza kubadilisha orodha ya Nairobi bila kufika Nairobi. Usitupe maganda na mabaki ya chakula dirishani, maana nyani huyafuata mpaka katikati ya lami. Usinunue kitoto, hata kwa huruma ya kumwokoa, kwa sababu fedha yako ndiyo itakayomtuma muuzaji akalete mwingine. Na ukimkuta tumbili mchanga peke yake chini ya mgunga, usimbebe. Rudi nyuma hatua 50, wafunge mbwa, ungoje mpaka jua lizame. Asubuhi akiwa bado yuko palepale, wapigie simu watu wa Shirika la Wanyamapori. Mara nyingi hutahitaji kuwapigia: mama yake alikuwa juu ya mti akingoja uondoke.